Mfano wa Wasusi

Mwaka niliopata B katika mtihani wa kidato cha nne, watu walinipa pole. Mwaka huo huo kijana wa jirani yetu alipata C+, na baba yake akachinja mbuzi wawili. Mimi niliitwa kwenye sherehe hiyo nisaidie kumimina chai.

Wivu ulikuwapo, sioni sababu ya kuuficha. Lakini msomaji ambaye hakuishi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili anaweza kudhani nimechanganya herufi, kwa hiyo naeleza. Nafasi za chuo kikuu zilizolipiwa na serikali zilikuwa chache, na uchache wake ulipimwa kwa vitanda. Walihesabu vitanda vya mabweni, wakachukua wanafunzi kuanzia wa juu kwenda chini, na vitanda vilipojaa wakafunga mlango. Mimi nilikosa kitanda kwa pointi moja.

Mlango wa pili ulikuwapo. Watu waliuita parallel. Chuo kilikuwa kile kile, wahadhiri wale wale, madawati yale yale na digrii ile ile, ila mwanafunzi alijilipia kila kitu na hakuhitaji kitanda kwa kuwa alilala kwao. Huko C+ ilitosha. Sasa mimi nilikuwa na kitanda changu kwetu Mutuini, pembezoni mwa jiji, kina godoro na blanketi la kijivu, na ningetoka hapo kwenda darasani kila siku ya Mungu, hata kwa miguu. Hakuna aliyeniuliza kama nina kitanda. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi na hasira yangu haijapungua hata kidogo.

Kijana wa jirani alianza masomo kabla hata matope ya ile sherehe hayajakauka. Baba yake aliuza nusu ya shamba lao, akajenga nyumba za kupangisha kwenye nusu iliyobaki, na kodi ikawa inamsomesha mtoto. Kanisani mchungaji alimsimamisha mbele akasema huyu ni mfano wa vijana wanaomtegemea Bwana. Mama yangu alipiga makofi pamoja na wengine. Niliitazama mikono yake ikipiga makofi nikataka kulia.

Sisi tulikuwa wawili tu, mama na mimi, kwa maana baba alifariki nikiwa darasa la sita. Tulikuwa na kipande cha shamba nyuma ya nyumba, mistari ya sukuma wiki, viazi, na ng'ombe mmoja aliyekuwa na hasira kama zangu. Mama alisema tutauza. Nilikataa. Kile kipande ndicho kilichokuwa kikitulisha, na ukishauza shamba hulipandi tena.

"Basi kama mbele kumefungwa, tupitie nyuma," mama akasema.

Njia ya nyuma alikuwa ameiona kwenye karatasi iliyogawiwa nje ya kanisa. Chuo fulani mjini kilifundisha diploma ya biashara jioni, kwa karo ambayo mtu anayefanya kazi angeweza kuilipa kidogo kidogo, na karatasi ilisema kwa herufi nene kwamba mwenye diploma yao huingia chuo kikuu moja kwa moja mwaka wa pili. Mwalimu wangu wa zamani alipoiona alitikisa kichwa akasema hiyo ndiyo njia ya wavumilivu, subira huvuta heri. Siku hizi nikiisikia methali hiyo hutazama kwanza tumbo la anayeitoa. Mara nyingi ameshiba.

Basi nikatafuta kazi ya mchana. Mdogo wake mama, niliyemwita anti, alikuwa na kibanda cha kusuka nywele pale Kenyatta Market, upande wa pili wa wachoma nyama. Moshi wao ulitufikia tangu saa nne asubuhi, na wateja wetu walirudi nyumbani wakinuka mbuzi.

Asiyewahi kusukwa Kenyatta Market hajui kazi ilivyokuwa ikienda. Mteja mmoja husukwa na wanne. Anaketi katikati, wasusi wanasimama kumzunguka, na rasta ambazo mtu mmoja angezisuka kutwa nzima zinamalizika kabla ya chakula cha mchana. Kuna cheo katika kusimama. Fundi hasa hupewa mbele, maana nywele za mbele ndizo uso wa kazi. Mwanagenzi hupewa nyuma karibu na shingo, mahali ambapo makosa yake yatafunikwa. Mimi nilianzia shingoni. Ilinichukua karibu mwaka mzima kufika kwenye sikio.

Majina ya wateja hatukuyatumia. Tuliwaita kwa mitaa yao. "Leo Lavington anakuja," anti angesema, "na Riruta amepiga simu, ana harusi." Hivyo ndivyo nilivyomjua binti mmoja wa umri wangu ambaye tulimwita Kileleshwa, kwa mtaa wao wa wenye nacho. Alikuwa mwanafunzi wa parallel, mwaka wa kwanza, masomo ya uchumi. Alituambia mwenyewe, bila aibu, kwamba alipata C+ na hiyo yenyewe ni kwa kusukumwa.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi kuliko kama angekuwa mbaya. Alikuja na chapati za kutosha sote. Aliuliza habari za mama yangu na kusikiliza jibu. Angekuwa na madharau ningemchukia mara moja nikapumzika.

Alikuwa na tabia ya kuja na vitini vyake vya darasani na kujisomea kwa sauti akiwa anasukwa, kwa sababu kuketi kwa muda wa saa nne bila kazi kulimchosha. Mimi nikiwa nyuma ya sikio lake, nilisikia mhadhara mzima. Nilisikia yale yale niliyokuwa nikifundishwa jioni kwenye ghorofa ya nne ya jengo moja mjini, juu ya duka la masanduku, ila kitini chake kilieleza vizuri zaidi. Siku moja alisoma aya moja mara tatu, akakifunga.

"Manze, hii kitu imenishinda," akasema. "Ati bei ikipanda watu wananunua kidogo, lakini saa zingine hawapunguzi. Sasa gani ni gani?"

"Desemba bei ya kusukwa inapanda, si ndiyo?" nikamwambia.

"Inapanda sana."

"Na laini ya wateja inapungua?"

Akafikiri. "Haipungui. Inakuwa mrefu."

"Kwa sababu Krismasi huwezi enda ushago kuona wazee na kichwa hivyo. Lazima usukwe. Lakini Januari anti anashusha bei mpaka chini na hakuna mtu anakuja, pesa yote imeenda shule. Sasa bei si ndiyo inaamua. Ni vile mtu anahitaji hicho kitu, na kama anaweza ngoja."

Akageuza kichwa kizima kunitazama, jambo ambalo hukatazwa kabisa mtu akiwa mikononi mwa watu wanne.

"Wewe umetoa hiyo wapi?"

"Nasoma diploma jioni."

"Shika kichwa," anti akaniambia. "Wacha kushika masomo ya wenyewe."

Lakini tangu siku hiyo Kileleshwa akawa mwanafunzi wangu. Alikuja na maswali, nami nikajibu nikisuka. Kusema kweli nilifurahia. Vidole vikishazoea kazi, kichwa huwa huru, na changu kilikuwa na njaa. Nilianza kumwomba vitini akavisoma vyote kwa sauti, hata visivyohusu mtihani, na wasusi wenzangu wakalalamika kwamba kibanda kimegeuka darasa.

Muhula wa pili alikuja na jambo jingine. Alipewa kazi ya kuandika insha ndefu juu ya bei na mahitaji, yenye mfano wa hapa hapa nchini, na hakujua aanzie wapi. Alitaka nimwandikie. Hakutaja pesa, nami sikutaja. Mimi nilitaka kitabu. Maktaba ya chuo kikuu ilikuwa na kitabu kinene cha uchumi ambacho mhadhiri wetu wa jioni alikitaja kila wiki, na sisi wa ghorofa ya nne hatukuruhusiwa kuingia huko. Mlinzi wa mlangoni alitaka kadi. Nilimwambia Kileleshwa aniazimie kitabu hicho wiki tatu, nami nitaandika.

Najua nilifanya kosa. Sijisafishi. Lakini nataka ijulikane niliuza nini na nilinunua nini.

Niliandika kwa mkono kwenye karatasi za fulskepu, kurasa saba. Niliandika juu ya kibanda cha anti. Niliandika juu ya Desemba na Januari, juu ya bei ya mbele ya kichwa na bei ya nyuma, na kwa nini mteja wa Kileleshwa na mteja wa Riruta hawapunguzi kusukwa kwa namna moja bei ikipanda. Nilieleza kwamba wa Riruta atangoja, atafunga kitambaa, atakwenda kanisani na kitambaa hicho wiki nne, lakini wa Kileleshwa hajui kungoja kwa sababu hajawahi kulazimika. Kileleshwa mwenyewe alinakili kwa mkono wake, akapeleka kuchapwa kwenye saiba, akanirudishia fulskepu zangu zikiwa na doa la mafuta ya nywele kwenye ukurasa wa tatu. Nilimpa mama, akaziweka ndani ya sanduku lake la nguo pamoja na cheti cha kifo cha baba.

Kileleshwa alirudi baada ya mwezi, akaketi, akangoja mpaka sote wanne tumeshika kichwa.

"Ile paper yetu imewika," akasema. "Lecturer aliisoma mbele ya darasa. Ati hivyo ndivyo mtu anaangalia nchi yake. Ameweka copy."

Yetu. Nilikuwa nimeshafika kwenye sikio la kushoto wakati huo.

"Aii, unanivuta," akasema.

"Pole."

Sikulegeza. Ile rasta ilibaki imekaza mpaka siku alipozifumua, naamini.

Mama nilipomsimulia jioni alicheka kwa muda mrefu, kisha akasema kinyozi hajinyoi. Alisema kwa mapenzi, lakini sikulala vizuri.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Mchana vichwa, jioni ngazi za ghorofa ya nne. Kati ya wahadhiri wetu kulikuwa na mmoja ambaye mchana alifundisha chuo kikuu chenyewe, akaja kwetu saa kumi na mbili jioni akiwa amelegeza tai. Alifundisha vizuri. Alitutazama kama mtu anayetazama saa. Nilihitimu wa pili katika darasa letu, na mama akaniwekea cheti kwenye fremu, akakitoa tena kwenye fremu asubuhi niliyokwenda nacho chuo kikuu kuomba nafasi ya mwaka wa pili.

Karani wa udahili aliketi nyuma ya dirisha lenye kitundu. Alikisoma cheti, akafungua orodha, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akanirudishia.

"Hii college yenu hatuitambui."

"Lakini karatasi yao inasema tunaingia second year."

"Karatasi ni yao. Orodha ni yetu."

"Lecturer wa hapa ndiye alinifundisha huko," nikasema, na nikataja somo.

"Hiyo ni biashara yake ya jioni, dada. Wewe kama unataka, uko na B, tunaweza kukuchukua hata leo. Unaanza first year, parallel, unajilipia."

Nilisimama pale mpaka mtu wa nyuma yangu akanigusa bega. Nataka msomaji aelewe nilichokuwa nimeambiwa. Ile B niliyokuwa nayo siku ya kwanza, kabla ya diploma, kabla ya ngazi, kabla ya vichwa elfu, ndiyo iliyokuwa ikinifungulia mlango. Miaka mitatu ya njia ya nyuma ilikuwa imenizungusha na kunirudisha kwenye dirisha ambalo kijana wa jirani alilifikia wiki chache baada ya matokeo. Yeye, kwa kuwa wa parallel walisoma bila likizo, wakati huo alikuwa akivaa joho. Kileleshwa alikuwa akingoja lake, na tayari alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya bima mjini. Watu hupenda kusema njia za kuingia chuo kikuu zimekuwa nyingi, kwa hiyo kila mtu ana nafasi yake. Ni kweli ni nyingi. Ila maskini hulipishwa njia, halafu hulipishwa na mlango pia.

Nilirudi Mutuini nikamwambia mama imekwisha, nitabaki kusuka. Wiki mbili baadaye nilirudi kutoka sokoni nikakuta vigingi vya mbao vimepigwa shambani, na kamba ya manila imekata mistari ya sukuma wiki katikati. Alikuwa ameuza nusu. Mnunuzi alikuwa yule jirani wa mbuzi wawili, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na pesa ya kununua. Kabla ya mwaka kwisha nyumba zake za kupangisha zilikuwa zimefika mpaka kwenye dirisha la jikoni kwetu, na wapangaji walianika nguo pale tulipopanda viazi.

"Sasa huwezi kukataa," mama akasema. "Imeshauzwa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia chuo kikuu. Masomo yalikuwa ya jioni, mchana niliendelea kusuka, na kila nilipoona zile nguo kwenye kamba nilijua nimekalia shamba la mama.

Mhadhiri wa uchumi wa mwaka wa kwanza alikuwa yule yule wa ghorofa ya nne. Alikuwa amenifundisha mihula miwili na hakunikumbuka. Hilo nilimsamehe, tulikuwa wengi. Muhula wa pili alitoa kazi ya insha. Ilikuwa juu ya bei na mahitaji, na mfano uwe wa hapa hapa nchini.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao mtu mwingine asingeufanya. Nilijua niliandika insha kama hiyo kwa ajili ya mwingine. Nilijua alipewa sifa. Lakini miaka minne ilikuwa imepita, na sikufikiri mtu anaweza kukumbuka insha ya mwanafunzi mmoja muda wote huo. Tena, nikiulizwa nieleze bei na mahitaji, mimi nilikuwa na mfano gani mwingine? Sikuwa nimewahi kuishi ndani ya mfano mwingine. Niliketi kwenye kiti cha mteja asubuhi kabla soko halijachangamka, nikaandika upya kutoka kichwani, bila kufungua zile fulskepu. Niliandika juu ya Desemba na Januari. Niliandika juu ya mbele na nyuma. Nilijua zaidi kuliko mara ya kwanza, maana sasa mimi ndiye niliyesimama mbele.

Aliniita ofisini. Insha yangu ilikuwa mezani, na kando yake kitini cha mwaka huo, ambacho sikuwa nimekinunua kwa kuwa bado nilikuwa na vile vya zamani alivyoniachia Kileleshwa.

"Hii example ya wasusi wa Kenyatta Market umeitoa wapi?" akauliza.

"Ni yangu, sir."

"Si yako." Akafungua kitini kwenye kurasa za mwisho, akakigeuza upande wangu. "Ni ya student wangu wa miaka minne iliyopita. Nimeitumia kila mwaka tangu wakati huo. Ulifikiri nisingejua?"

Niliitazama. Ilikuwa imechapwa vizuri, na juu yake palikuwa na namba ya usajili ya Kileleshwa, ile ile ya kwenye vitini vyake, na maneno yanayosema huu ni mfano wa kazi bora. Sentensi ya kungoja na kitambaa ilikuwapo. Mpangilio ulikuwa ule ule, kwa sababu kichwa kilichoupanga kilikuwa kile kile.

Akanieleza kwa upole kwamba naweza kuandika barua ya kukiri kunakili, nipewe sifuri na onyo, kisha niandike insha nyingine. Nikibisha, mambo yatapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, na huko mtu anaweza kufukuzwa. Alinipa mpaka Ijumaa.

Mama alinitolea fulskepu kwenye sanduku bila kuuliza. Kurasa saba, mwandiko wangu, doa la mafuta kwenye ukurasa wa tatu. Nilimpigia simu Kileleshwa, naye, kwa haki yake, akaja Kenyatta Market siku iliyofuata saa ya chakula, na suti ya ofisi. Nilimweleza.

"Kwani uliandika tena hiyo hiyo?" akasema. "Si ungebadilisha tu."

"Ningebadilisha nini? Hiyo ni maisha yangu."

Akaketi. Alifikiri kwa utaratibu, kama watu wa bima wanavyofikiri.

"Ukiwaonyesha hizo karatasi, mimi wataninyang'anya digrii," akasema. "Na wewe watakufukuza, kwa sababu uliniandikia. Hiyo nayo ni makosa. Tutaanguka wote. Ukisaini, wewe unapata zero moja, unaendelea, unamaliza. Fikiria mathako, ameuza shamba juu yako."

Alikuwa amenihesabia sawasawa. Sijamsamehe kwa kuwa sahihi. Kisha akagusa nywele zake.

"Kwa vile nimefika," akasema, "si unirudishie hizi za mbele? Zimeanza kulegea."

Nilimrudishia. Anti alinitazama kutoka upande wa pili wa kibanda. Nikiulizwa leo ni jambo gani katika habari hii nzima ninalolionea aibu, sitaji insha. Ni zile rasta sita za mbele, na jinsi nilivyozisuka vizuri.

Ijumaa nilikwenda na fulskepu ndani ya mkoba. Njiani nilikuwa nimejiambia nitazitoa. Nilikuwa na maneno tayari. Nilipoketi mhadhiri aliniwekea barua iliyokwisha kuchapwa, ikisema kwamba mimi, mwanafunzi mwenye namba fulani, nilichukua kazi ya mtu mwingine nikaifanya yangu. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza. Mtu anayesuka rasta miaka mitano ana vidole vinavyojieleza. Vina mifereji ya uzi kwenye kiungo cha kwanza, kidole cha shahada kimepinda kidogo, na ncha zimebabuka kwa maji ya moto tunayochovya ncha za nywele. Sikuhitaji fulskepu. Angetazama chini tu, angejua insha ile ni ya nani. Alinisogezea kalamu.

Nilifikiri juu ya vigingi na ile kamba ya manila. Nikatia sahihi.

Alifurahi. Alikuwa ameogopa nitaleta maneno, nadhani. Akaiweka barua kwenye faili na akanisindikiza mpaka mlangoni, kwa wema, akaniambia nisikate tamaa, nina uwezo.

"Wakati ujao," akasema, "andika juu ya kitu unachokijua wewe mwenyewe."

Insha nyingine niliiandika wiki ile. Niliichukua kutoka kwenye kile kitabu kinene, ambacho sasa niliruhusiwa kukisoma maktabani kwa kadi yangu. Niliandika juu ya ngano ya nchi fulani ya baridi ambayo sijawahi kuiona, na wakulima ambao siwajui. Alinipa alama ya juu. Pembeni, kwa wino mwekundu, aliandika kwamba sasa hii ni kazi yangu.